Muulize Shangazi wa Dawa: Hizi mitokondria za kwenye mkebe

Jamani mwezi huu mmeamua kunimaliza. Meseji zimekuja nyingi na karibu nusu zina neno moja, mitokondria, vile vimashine vidogo vya kutengeneza nguvu ndani ya seli. Sisi wa zamani tulilijua hilo neno kwenye baiolojia ya sekondari, unalikremu usiku, unalimwaga kwenye karatasi ya mtihani, basi mmeachana milele. Sasa naona limerudi, liko kwenye mikebe ya saplimenti, liko kwenye WhatsApp hata kwenye kikundi cha kuchangia harusi ya mtoto wa jirani. Nimechagua barua chache, nimezikata kidogo, na majina nimeficha kama kawaida yetu.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, nauza mitumba hapa Arua, Uganda. Nimechoka mwaka mzima, nikipanda ngazi tu kwenda stoo moyo unapiga kama ngoma. Alikuja dada mmoja sokoni na kamashine, unashika kachuma mkononi halafu kompyuta inasoma mwili mzima, akasema mitokondria zangu zinafanya kazi asilimia 40 na nikimaliza mikebe mitatu zitafika 90. Bei ni shilingi 450,000, nimelipa nusu. Nimalizie?

Marahaba mwanangu. Usimalizie.

Hakuna kamashine ka kushika mkononi kanakojua mitokondria zako zikoje. Madaktari wakitaka kuziangalia kweli wanakata kipande kidogo cha nyama ya msuli wakiweke chini ya darubini, au wanasoma jeni zako maabara, na hiyo ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi, si kitu cha kufanyiwa kwenye benchi la soko huku mteja mwingine anauliza bei ya suruali. Hiyo 40 na hiyo 90 zimetoka kwenye programu, na jirani yako akishika hicho kichuma naye ataambiwa amechoka.

Sasa hukuniambia hedhi yako ikoje. Mwanamke wa miaka 31, ngazi chache na moyo unakimbia, mimi akili yangu inaenda kwenye damu kwanza. Nenda kituo cha afya upimwe hemoglobini, malaria, na mimba pia usiniangalie hivyo, na uwaambie kama hedhi ni nzito au kama mnakanyaga shamba bila viatu maana minyoo ya safura inanyonya damu kimyakimya. Ukikutwa chuma kimepungua utapewa vidonge vya chuma, ni rahisi sana, na cha ajabu ni kwamba hicho chuma ndicho kinabeba oksijeni kwenye damu na pia kiko ndani ya mitokondria zenyewe kikifanya kazi, kwa hiyo ukitibu damu umezihudumia na hizo mitokondria bila mkebe wowote. Usimeze na chai, chai inakizuia chuma, subiri saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na hiyo nusu uliyolipa jaribu kuidai, ikishindikana basi.

Shangazi, mimi ni afande mstaafu, Bombo, miaka 66. Natumia atovastatini ya kolestro na amlodipini ya presha. Miezi miwili mapaja yananiuma kama nimerudi kutoka ruti machi. Mke wa kijana wangu ameniletea mkebe wa Q10, anasema dawa ya kolestro inaua mitokondria na hii inazifufua, nimeze hii niache ile. Kwanza hiyo mitokondria ni nini, pili nifuate amri ya nani?

Afande, habari za huko kwenu. Amri ya pili ndiyo ya haraka kwa hiyo naanza nayo: usiache dawa ya kolestro kwa sababu ya mkebe. Mpigie daktari aliyekuandikia, mwambie mapaja, na mwambie kama wiki hizi ulipewa dawa nyingine, hasa zile za alsa, yaani vidonda vya tumbo, za kumaliza bakteria wa tumboni, maana ndani yake mara nyingi kuna klarithromaisini na hiyo ikikutana na atovastatini inaifanya ijae kwenye damu kupita kiasi, misuli ndiyo inalipa. Anaweza kukupima kimeng'enya cha misuli kwenye damu, anaweza kupima na tezi ya shingo maana tezi ikilala misuli inauma vilevile, anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia statini, ndilo jina la ukoo wa hizo dawa za kolestro. Ila siku ukiona mkojo umekuwa rangi ya kokakola na misuli inauma, hapo usimpigie mtu, panda gari uende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mitokondria. Hebu tufanye hivi. Una mikungu kumi ya matoke nyumbani na unataka kupanda boda kwenda mjini. Huwezi kumlipa boda mkungu, atakucheka. Unauza mkungu, unaenda kwa wakala wa mobile money, anakuwekea pesa kwenye simu, hiyo sasa unalipa boda, unalipa maziwa, unalipa umeme. Chakula ndio matoke. Mitokondria ndio wakala, wako mamia hadi maelfu ndani ya seli moja, na kwenye moyo wamejaa zaidi kwa sababu moyo hauna likizo. Hiyo pesa ya simu inaitwa ATP na inazunguka kwa kasi mpaka wanasema kwa siku moja mwili unatengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wako mwenyewe, ileile inatumika inarudishwa inatumika tena.

Q10 ndani ya hiyo ofisi ya wakala ni kijana wa kubeba pesa kutoka dirisha moja hadi jingine. Aligunduliwa mwaka 1957 na Frederick Crane kule Wisconsin, Marekani, kwenye moyo wa ng'ombe, na mpaka leo moyo wa ng'ombe ni chakula chenye Q10 nyingi kuliko vingi unavyovijua, na wewe umekula moyo na maini kambini miaka mingapi. Kingine, mwili unajitengenezea Q10 wenyewe. Kile anachosema mkaza mwana wako kina punje ya ukweli: ini linatengeneza kolestro na Q10 kwa njia moja mwanzoni, kwa hiyo statini ikiziba njia ya kolestro, Q10 ya kwenye damu nayo inashuka. Mpaka hapo yuko sawa. Kasoro inaanza anaposema basi ukimeza Q10 mapaja yatapona, maana watu wamelijaribu hilo mara nyingi na majibu yamegongana, wengine wamepata nafuu wengine hakuna kitu, na mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2018 ukasema wazi Q10 isipewe kila anayemeza statini. Kama vijana wa kubeba pesa wanatosha, ukiongeza kumi wengine wanakaa tu kwenye kiti wanacheza ludo.

Sisemi Q10 ni uongo, nisije nikasingiziwa. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mmoja wa wagonjwa 420 wa moyo kushindwa kazi, walipewa miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miaka miwili juu ya dawa zao za kawaida, na waliopata matatizo makubwa ya moyo wakawa wachache kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka huohuo ukatoka mwingine wa wagonjwa 600 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, hao walipewa mpaka miligramu 2,400 kwa siku, na haikusaidia lolote. Kwa hiyo swali ni ya ugonjwa gani, na wewe Afande hujaniambia una moyo ulioshindwa.

Ukishakubaliana na daktari na ukataka kuijaribu hata hivyo, sawa, ni pesa yako na kwa wengi haina madhara makubwa, tumbo tu. Imeze na chakula chenye mafuta, hata mchuzi wa binyebwa, karanga, maana haiyeyuki kwenye maji. Weka siku ya kuhukumu, mathalani miezi miwili, haikusaidia achana nayo. Kama ungekuwa kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ningekukataza kabisa kuanza bila kumwambia daktari, Q10 inaweza kuipunguza nguvu ile dawa na damu ikaganda. Na mkaza mwana mshukuru, amekuletea kwa mapenzi.

Shangazi wa Dawa, niko Busia, usinitaje. Niko kwenye ARV tangu 2006. Zile za kwanza zilinikausha uso na makalio, miguu ikawaka moto mpaka leo usiku inachoma. Sasa nameza ile moja ya jioni yenye dolutegraviri, virusi vilikuwa havionekani miaka yote. Januari rafiki yangu wa kanisani akanianzishia saplimenti ya mitokondria, ina magnesi, zinki, kalsiamu, chuma na vaitamini B zote, akasema nimeze pamoja na ARV ili nisisahau. Juzi wamepima virusi vimefika elfu moja na kitu. Nesi ananiambia naruka dozi. Wallahi sijawahi kuruka. Nimelia.

Dada yangu, kaa chini kwanza. Mimi nakuamini, na nadhani mwizi tumempata.

Dolutegraviri ni dawa nzuri sana lakini ina tabia moja, ikikutana tumboni na madini kama magnesi, zinki, chuma, kalsiamu, aluminiamu, inashikana nayo kama ugali na kijiko, vinakuwa donge moja ambalo utumbo hauwezi kuliingiza kwenye damu. Kwa hiyo wewe umemeza kila jioni kwa uaminifu wako wote na sehemu kubwa ya dawa imetoka chooni. Ndio maana sheria ni kwamba dolutegraviri imezwe masaa mawili kabla ya hayo madini au masaa sita baada yake. Maji meupe ya alsa nayo yamo humo, yana magnesi na aluminiamu, na hayo watu wanakunywa bila kufikiri wakila kitu kikawachoma. Kalsiamu na chuma vina msamaha kidogo, ukimeza pamoja na ARV wakati wa chakula inakubalika, lakini tumbo likiwa tupu hapana, na ule mkebe wako wenye kila kitu ndani usiutafutie msamaha.

Fanya hivi. Acha mkebe leo. ARV usiache hata siku moja. Kesho beba mkebe wenyewe, si jina, mkebe, uende nao kliniki uwaonyeshe lebo, uwaambie ulianza Januari na ulikuwa unameza pamoja. Watarudia kupima baada ya miezi kadhaa na wataamua mbele ya hayo majibu. Huyo nesi naye nimsamehe kidogo, wagonjwa wengi kweli wanaruka, ila angeuliza swali moja zaidi, unameza nini kingine nyumbani, na hili swali hata sisi wa madukani hatuulizi ipasavyo. Siku ukilazimika kutumia madini, mathalani chuma kwa sababu ya damu, ARV saa mbili usiku na chuma saa mbili asubuhi, hapo havitajuana.

Halafu niseme kuhusu miguu yako, maana hapa ndipo hadithi ya mitokondria inakuwa ya kweli kuliko matangazo yote. Ile dawa ya zamani ni stavudini, watu waliita d4T. Nilikuwa dirishani nikizitoa hizo, nawakumbuka watu wakishukuru kwa sababu waliletwa wamebebwa na sasa wanatembea, halafu baada ya mwaka wanarudi nyuso zimeingia ndani na wanavaa kandambili kwa sababu viatu vinachoma. Ilifanya kazi kwa kujifanya herufi ya DNA, kirusi kikinakili jeni zake kinaichukua, kinakwama. Sasa mitokondria zina DNA yake yenyewe, kadogo, jeni 37 tu, na kimeng'enya kinachonakili hiyo DNA kilikuwa nacho kinadanganyika kama kirusi. Mitokondria zikapungua kidogokidogo, mishipa mirefu ya fahamu ya miguuni ikaumia, mafuta ya usoni yakayeyuka, na kwa wengine asidi ikajaa kwenye damu mpaka kufa. Ndiyo sababu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likasema nchi ziondoke kwenye stavudini. Dawa uliyonayo sasa haina huo ugomvi na mitokondria kama ile, kwa hiyo rafiki yako anakuuzia mlinzi wa nyumba ambayo mwizi alishaondoka zamani.

Mishipa iliyoumia inarudi polepole, mingine hairudi yote. Kuna dawa za kutuliza huo moto, waombe kliniki, amitriptilini usiku kwa mfano inawasaidia baadhi, wao watajua inakufaa au la. Na angalia kwenye lebo kiasi cha B6. Hii watu hawaijui: B6 nyingi sana kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya miguu, unatibu moto kwa kumwagia petroli. Ile B6 kidogo unayopewa pamoja na isoniazidi ya kuzuia TB ni jambo tofauti, hiyo meza kama ulivyoambiwa.

Shangazi niaje, niko steji ya boda Jinja, miaka 24. Kwa jimu wanasema kreatini, Q10 na NMN zinaongeza mitokondria na kurudisha ujana. Kwa siku nakunywa enaji drinki tatu. Nianze na gani?

Ujana gani unarudishwa na una miaka 24, ulienda wapi? Anza kwa kupunguza hizo drinki tatu. Hiyo si nguvu, ni kafeini na sukari, kafeini inaziba sikio lako usisikie uchovu na uchovu uko palepale unakusubiri kwenye safari ya saa tano usiku, na wewe una abiria nyuma.

Kreatini ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa anayebeba vyuma, gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, na ukienda kupimwa figo mwambie daktari unaitumia kwa sababu inapandisha kreatinini kwenye majibu hata figo ikiwa nzima. NMN inapandisha kwenye damu kitu kinaitwa NAD, ambacho seli inakitumia kutengeneza nguvu, hilo limeonekana, lakini kwamba kijana mzima wa Jinja atafaidi nini hapo bado ni hewa, na bei yake ni ya mtu anayemiliki boda kumi. Q10 soma kwa Afande hapo juu.

Kinachoongeza mitokondria bila ubishi kiligunduliwa 1967 na John Holloszy, alikimbiza panya kwenye mashine wiki kadhaa, akakuta uwezo wa mitokondria kwenye misuli yao umekaribia kuongezeka mara mbili. Ukitaka mfano wa karibu zaidi ya panya, mkimbiaji wetu Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020, na hiyo misuli ilianza kujengwa kwenye milima ya Kapchorwa. Wewe unakaa kwenye pikipiki kutwa nzima. Acha pikipiki steji mara nne kwa wiki, kimbia mpaka upumue kwa mdomo, nusu saa. Hiyo ni bure.

Mwalimu, Tororo: Natumia metformini na glibenklamidi ya sukari, vidole vya miguu vina ganzi. Nimeuziwa asidi ya alfa-lipoiki, nitumie?

Mwalimu, kwanza waombe wakupime B12, metformini ya miaka mingi inaishusha na ganzi yake inafanana kabisa na ya sukari, na hiyo inatibika. Alfa-lipoiki Wajerumani wameitumia muda mrefu kwa mishipa ya wagonjwa wa sukari, nafuu ipo kwa baadhi, ila inaweza kushusha sukari na wewe uko na glibenklamidi ambayo nayo inashusha, unaweza kuanguka mbele ya darasa. Usianze bila daktari na bila kupima sukari nyumbani.

Shangazi, naandika kutoka Mbale. Binti yetu ana miaka sita, misuli dhaifu na degedege. Ukoo ulichanga tukampeleka India, wakasema ni ugonjwa wa mitokondria, wakamwandikia Q10, vaitamini B2 na karnitini. Nasikia watu wanasema saplimenti hizi ni utapeli, nimechanganyikiwa maana sisi tunauza ng'ombe kuzinunua. Na mama mkwe amesoma mahali kwamba mitokondria zinatoka kwa mama peke yake, sasa anasema mimi ndiye nimeleta ugonjwa kwenye nyumba yao. Mume wangu amenyamaza.

Mama wa mtoto, pole sana. Nimesoma yako mara tatu.

Kwanza la vidonge. Wewe na yule wa soko la Arua mnaweza kuwa na mkebe uleule mkononi na bado si kitu kimoja. Mtoto wako ana ugonjwa wenyewe, uliopimwa, na madaktari wa magonjwa hayo duniani kote wanatoa mchanganyiko wa namna hiyo. Nisikudanganye, kwa aina nyingi ushahidi ni mdogo na hawaponi, wanatoa kwa sababu hatari ni ndogo na baadhi ya watoto wanapata nguvu. Lakini kuna aina chache ambazo hicho kidonge ndicho tiba yenyewe, kuna watoto ambao mwili wao hauwezi kutengeneza Q10, kuna wengine wanaitikia B2 vizuri sana, kuna wenye karnitini iliyoshuka na karnitini ndiyo lori la kuingiza mafuta kwenye mitokondria. Kwa hiyo usiache kabla ya kumuuliza daktari swali hili hasa: katika hivi vitatu, kwa aina ya binti yangu, kipi ni cha lazima na kipi ni cha kujaribu? Pengine ng'ombe mmoja atabaki.

La pili sikiliza kwa makini. Degedege hapa kwetu mara nyingi inatibiwa na valproeti. Kwa baadhi ya watoto wa mitokondria, hasa wenye kasoro kwenye jeni iitwayo POLG, valproeti inaweza kuua ini. Usiikatishe mwenyewe kama tayari anaitumia, kukatisha ghafla nako kunaleta degedege kali, ila wiki hii hii mwonyeshe daktari wa watoto ile karatasi ya India na umuulize. Andika kwenye jalada la kwanza la kitabu chake cha kliniki, kwa wino mwekundu, UGONJWA WA MITOKONDRIA, ULIZENI KABLA YA VALPROETI. Na mwombe daktari akuandikie mpango wa siku ya homa, kwa sababu hawa watoto wakiugua malaria au wakitapika wakakaa na njaa, wanaanguka haraka kuliko wenzao. Wewe usisubiri kesho, ukienda na hiyo karatasi hata daktari mgeni wa zamu ya usiku atajua pa kuanzia.

Sasa mama mkwe. Amesoma nusu ya ukurasa. Ni kweli mitokondria za mtoto zinatoka kwenye yai la mama, za baba zinaharibiwa baada ya mbegu kuingia. Lakini nilishasema DNA iliyo ndani ya mitokondria ina jeni 37 tu, na zinazotengeneza protini ni 13. Mitokondria inahitaji protini zaidi ya elfu moja kufanya kazi. Hizo nyingine zote maagizo yake yako kwenye DNA ya kawaida, ile nusu ya baba nusu ya mama, na magonjwa mengi ya mitokondria yanayoanza utotoni yanatokea huko, mtoto amepokea nakala moja mbovu kwa baba na moja kwa mama, wazazi wote wazima hawakujua. Chukua ile karatasi ya India, tafuta jina la jeni. Likianza na MT na kistari, hiyo ni DNA ya mitokondria, kwa kawaida ya upande wa mama. Kama ni jina lingine kama POLG au SURF1, hiyo kwa kawaida imetoka pande zote mbili, na mama mkwe akitaka kugawa lawama basi sehemu ajipelekee mwenyewe, maana mume wako nakala yake hakuiokota barabarani.

Na hata ingekuwa ni MT, wewe hukuchagua. Hata yeye mama mkwe hajui amebeba nini.

Mume wako anyamaze kwa mengine, hili aseme. Mpe ukurasa huu asome, halafu mwende wote wawili kwa daktari siku ya kuuliza kuhusu mtoto mwingine kama mnafikiria, hilo swali linajibiwa kwa kuangalia jeni na hupaswi kuliuliza wewe peke yako.

Shangazi, mimi nauza hizi saplimenti Kampala, niko akedi, kwenye jengo la maduka. Kila mwezi mnatuandika vibaya. Tuna watoto wa kusomesha, na wateja wangu wanapona, mpaka mkojo unakuwa njano kabisa sumu zikitoka. Kwani wewe dukani kwako huuzi vaitamini?

Nauza, mwanangu, na hapo umenipata. Ninazo kwenye shelfu la pili na sitajifanya mtakatifu, kuna miaka hata mimi nilinunua mkebe wa kuongeza nguvu wa bei mbaya, nikaumeza wote, nikachoka vilevile.

Ila huo mkojo wa njano acha kabisa kuwaambia watu ni sumu. Ni vaitamini B2, hiyo ni rangi yake, mwili umechukua inachohitaji na ziada imemwagwa. Mteja wako anakojoa pesa yake na wewe unampigia makofi.

Sikuambii ufunge. Nakuambia kabla hujampa mtu mkebe muulize unameza dawa gani za hospitali, una mimba, na umepimwa nini. Akikutajia ARV, wafarini, dawa za sukari au za degedege, mrudishe kwa daktari au mlete kwangu, utapoteza mauzo ya siku moja. Kamashine ka kushika kichuma kama unako, kaweke chini ya kitanda. Usiseme inatibu, kwa sababu ukisema inatibu umeiita dawa, na dawa hapa Uganda ziko chini ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, tangu 1993, nao wana orodha ya zilizosajiliwa, sidhani kama mkebe wako umo.

Na kama huamini ninayosema niletee hizo mikebe zako tusome lebo pamoja, niko dukani mpaka saa moja jioni, Jumapili sifungui.